Chatu Aliyekula Ushuru wa Jaa

Haya nitakayowaeleza ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Kama nimeongeza hata chumvi ya kutosha yai moja, basi ziwa likauke nikiwa nimesimama katikati yake, na kambare wote wanicheke. Najua mtasema, "Absalom tena!" Mtanikumbusha yule sangara niliyemvua kwa kamba ya kiatu, na yule mbu wa Otonglo aliyeondoka na soksi yangu. Wawekeni kando hao. Zile zilikuwa hadithi. Hili ni jambo, na natamani lingekuwa hadithi.

Kijiji chetu kiko mlimani, kati ya Otonglo na Kisian, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa limelala chini kama sinia la bati. Zamani upepo ulituletea harufu ya samaki. Siku hizi unatuletea harufu ya Kisumu nzima, maana jaa la taka lilihamishiwa kwenye bonde lililo nyuma ya kanisa letu. Lori likija linapanda mizani, linapimwa, na mwenye taka analipa ushuru kulingana na uzito. Sehemu ya ushuru huo inaingia kwenye mfuko, na mfuko unaturudishia sisi tunaonusa: kila mwaka mradi mmoja, wa kusaidia watu wa kijiji na kutunza mazingira. Mmoja tu. Ukikosa, ngoja mwaka mwingine na uendelee kunusa.

Mwaka huo, sisi tulioutaka mradi tulikuwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni Seline, jirani yangu, mjane anayesuka mikeka ya mafunjo na kuuza sukumawiki pale Otonglo. Yeye na akina mama wenzake walitaka mtaro. Mvua ikinyesha, maji meusi yanatoka jaani na kuingia kwenye kijito cha chini. Lakini juu zaidi, ndani ya kichaka cha mikuyu na mafunjo, kuna chemchemi safi ambayo jaa haliifikii. Akina mama walisema: tuchimbe mtaro wa kuyageuza maji meusi, chemchemi tuijengee kwa saruji, tulaze bomba hadi karibu na nyumba. Basi. Hata mtoto angeelewa.

Upande wa pili ni mimi.

Mimi ni mstaafu. Nilikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sukari, na kila ninachokijua nilijifunza kwa kuchungulia na kuungua. Kiwandani nikisema "funga mvuke," wanaume wazima walikuwa wanakimbia. Nyumbani nikisema "funga mlango," hata mbuzi ananitazama tu. Mtu akistaafu ndipo anapogundua kwamba yale masikio yalikuwa ya kiwanda, hayakuwa yake. Kwa hiyo mimi na rafiki yangu Dalmas na wazee wengine tuliunda kundi, tukaomba kujengewa banda la wazee: paa zuri, viti, televisheni ya mpira, na mahali ambapo mtu akianza hadithi wasikilizaji hawana pa kukimbilia.

"Na mazingira je?" niliwauliza. "Ushuru wa jaa unataka mazingira."

"Tutasema tutapanda maua," alisema Dalmas.

"Maua gani?"

"Yatakayokubali kuota. Wewe andika maua."

Sasa sikieni kitu kingine, kidogo tu. Siku moja nilipita karibu na jaa nikaona kipande kirefu cha kitu kimenasa kwenye ua wa waya. Kimechubuka, kimepauka kwa jua, na kina madoa ya chatu, hasa yale ya kahawia na manjano. Nilikichukua kwa ajili ya Dalmas. Dalmas ana tabia ya kujisaidia ndani ya kile kichaka cha juu, akidhani hatumwoni. Nikakipaka majivu na matope, nikakitundika kwenye miiba, kikaning'inia kama gamba ambalo nyoka amelivua akaenda zake. Nilitaka tu kumwona Dalmas akitoka mbio ameshika suruali. Hakupita huko siku hizo. Kitu kikabaki pale, kikingoja mtu mwingine.

Akaja Walter.

Walter ndiye afisa wa mfuko, kijana wa kwetu, wa Seme, mwenye buti na kofia pana. Alikuja kukagua. Seline akamtembeza tangu jaani hadi kijitoni, akimchorea mtaro kwa kijiti kwenye udongo, na Walter anaitikia kwa kichwa: ndiyo, ndiyo, mama, naona. Mimi nilikuwa nawafuata nyuma kama ndama. Kila Walter alipoitikia, niliona bati moja likianguka kutoka kwenye paa la banda langu. Na niseme ukweli wote: haikuwa banda peke yake. Nilisikia vibaya kuona muuza mboga anasikilizwa hivyo, na mimi niliyeendesha boila nakanyaga tu kivuli chao.

Tukafika ukingoni mwa kichaka. Walter akasema, "Haya mama, tuingie nione chemchemi yenyewe."

"Kijana wangu," nikasema, "kama ni mimi, ningesimama hapohapo."

"Kwa nini, mzee?"

"Mama Seline hajakwambia?"

Seline akageuka. "Sijamwambia nini?"

Nikashusha sauti, kama watu wanavyoshusha sauti mlangoni kwenye msiba. "Humo kuna mgeni. Ng'ielo."

Kwa msiokuwa Waluo: ng'ielo ni chatu, na chatu kwetu si nyoka wa kupigwa mawe. Ni mgeni. Akija, anakuja na mvua, na samaki, na mahindi. Humfukuzi, humnyooshei kidole, huingii anapolala ukamchungulia. Unampa kuku, unasema asante, unarudi nyuma. Watu wa Nyakach wanajua haya kuliko sisi. Kwa hiyo mnaona jinsi uongo wangu ulivyokuwa na bahati. Ulipata askari wa kuulinda mlangoni kabla hata sijamaliza kuutengeneza: hakuna mtu wa kwetu ambaye angeingia kuhakikisha.

"Umemwona kwa macho?" Walter aliuliza.

"Nimemwona? Kichwa kilikuwa kimelala pale mkuyuni, na mkia bado unavuka barabara ya Busia. Boda boda wanne walizima injini kumpisha. Akanitazama, akapiga chafya, na jioni hiyohiyo mvua ikanyesha mpaka bata wakaomba mwavuli."

"Mimi nachota maji humo kila asubuhi," Seline alisema. "Mbona sijawahi kumwona?"

"Anakuheshimu, mama. Ukiinama kuchota, yeye anajisogeza. Ni mgeni mwenye adabu."

Nikanyoosha kidevu, si kidole, kuelekea kwenye miiba. Upepo ukanisaidia. Kile kipande kikajigeuza polepole, madoa yakaonekana.

Walter akavua kofia.

Nilitaka kucheka, na ningecheka, kama nisingemtazama Seline. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshika kifua, ananitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba miaka yote amekuwa akikanyaga kaburi. Uso huo ndio ulionikosesha usingizi baadaye. Siku hiyo haukunikosesha chochote. Nililala fofofo.

Walter alipiga picha kutoka mbali na kuipeleka kwenye bodi ya mfuko. Bodi ikaamua kwamba mahali kama hapo hapachimbwi wala hapamwagwi saruji. Badala yake mfuko utajenga banda ukingoni mwa kichaka, "la kuhifadhi mila na mazingira," na wazee wa kijiji watakuwa walinzi wake. Mwaka mzima wa kunusa taka ukaingia kwenye banda langu. Dalmas alinikumbatia. "Absalom, wewe ungesomeshwa ungekuwa mbunge."

Msingi ukamwagwa, nguzo zikasimama, mabati yakapanda. Mimi nikakaa kwenye tofali kila siku nikiwasimamia mafundi ambao hawakuniomba.

Jambo nililokuwa sijalifikiria ni ndoo.

Nilifikiria bodi, nilifikiria paa, nilifikiria ni mechi gani tutaanza nayo. Sikufikiria kwamba akina mama nao wana masikio. Habari ya mgeni ilipoenea, hakuna hata mmoja aliyekanyaga tena chemchemi ya juu. Asubuhi moja nilishuka bondeni nikamkuta Seline kwenye kijito cha chini, amefunga leso mdomoni mwa ndoo ili kuchuja maji. Leso ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

"Mama, mbona huku?"

"Kule kuna mwenyewe, baba. Si ulisema wewe?"

"Lakini kuchota tu... si atakuruhusu?"

Akatikisa kichwa. "Nimekata mafunjo yake miaka yote bila hata kubisha hodi. Unafikiri ni bure Celestine anaumwa tumbo wiki yote hii?"

Celestine ni mjukuu wake, anaishi naye. Tumbo lilikuwa linamuuma tangu walipoanza kunywa maji ya chini. Mimi nilijua ni maji. Hata wewe unayenisikiliza unajua ni maji. Seline peke yake ndiye hakujua, kwa sababu mimi ndiye niliyempa jibu lingine.

"Nitampelekea kuku," alisema. "Nimwombe msamaha."

Hapo, ndugu zangu, nilikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa fupi na halikuwa na gharama: *hayupo*. Nikalizungusha kwenye meno. Na badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Mpelekee mweupe. Weupe ndio anaowapenda."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ulimi uliozoea kupamba haungoji ruhusa ya mwenyewe. Seline alikuwa na kuku mweupe mmoja tu, yule wa mayai.

Sasa nizungumzie hao kuku, maana huyo mweupe hakuwa wa kwanza. Watu walikuwa wameanza kuwaacha ukingoni mwa kichaka, wamefungwa miguu kwa ustaarabu, na mimi, kama mlinzi wa mila, nilikuwa napita asubuhi kuona kama mgeni amepokea. Mgeni alikuwa anapokea. Nilikuwa nawapeleka nyumbani nikimwambia mke wangu Rosa kwamba wenzangu wa kiwandani wamenikumbuka.

"Wanakukumbuka sana siku hizi," Rosa alisema mara moja. "Ulipokuwa hai kazini hawakukutumia hata yai."

"Mtu anathaminiwa akiondoka."

"Mm," alisema Rosa, na Rosa akisema "mm" mtu mwenye akili hutoka nje ya nyumba.

Siku ya yule mweupe nilikuta ugali mezani, mchuzi mezani, na sahani ndogo imefunikwa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke hakosei hapo. Hata mkiwa mmegombana, firigisi itakufikia. Nikafunua. Firigisi ilikuwepo, imeiva vizuri, na kando yake kulikuwa na kitambaa chekundu kidogo, kimeoshwa na kukunjwa.

Akina mama wa kijiji hufunga kitambaa kwenye mguu wa kuku ili wasichanganyike. Kila nyumba na rangi yake. Rosa anamjua kila kuku wa mtaa huu kama anavyowajua wanakwaya wenzake.

"Kula, baba," aliniambia. "Si ni ya chatu?"

"Rosa..."

"Huyu kuku nilimwona akitoka kwenye yai. Seline aliazima kikapu changu akamwatamishia humo." Hakuwa anapiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. "Mtoto anaumwa kule. Wanauza nini sasa hivi kununua dawa, kama mayai umeyala?"

"Nilikuwa natania tu. Ilianza kama mzaha wa Dalmas."

"Kula."

Niliiweka mdomoni. Nilitafuna, nikatafuna, haikwisha. Nikatoka nje nikaitema nyuma ya choo, na paka akaichukua akanitazama kama mtu aliyenishuhudia.

Mtasema hapo ndipo nilipokwenda kwa Seline kumwambia. Hapana. Nilimpa Rosa pesa za dawa amfikishie Seline, aseme ni za kanisa. Rosa akamchukua Celestine mwenyewe hadi zahanati, na huko wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa. Mtoto akapata nafuu. Mimi nikajiambia: uzinduzi ni Jumamosi, wageni wameshaalikwa, mahema yameshalipiwa, ngoja upite, kisha nitamhamisha chatu taratibu. Nitasema ameenda Uyoma kutembelea jamaa zake. Aibu kama hiyo nilidhani inaweza kupangiwa tarehe.

Jumamosi ikafika. Mahema, viti vya plastiki, soda, kwaya. Bodi nzima ya mfuko ilikuja, na miongoni mwao alikuwepo Bwana Kartar, mzee wa kilemba cha buluu, mwenye duka na karakana ya makochi mjini. Yeye yuko kwenye bodi kwa niaba ya wanaolipa ushuru, wenye viwanda na maduka. Amezaliwa Kisumu, na Kiluo chake ni kizito kuliko cha wajukuu wangu. Akisalimia, wazee wanasimama. Mara ya kwanza Walter alipokuja, yeye alikuwa amelazwa kwa ajili ya goti. Kwa hiyo alikuwa hajamwona chatu wetu hata kwenye picha.

Nikapewa maikrofoni. Ningeweza kusema "karibuni" na kukaa. Lakini mnanijua. Niliwaambia jinsi mgeni alivyonijia alfajiri ile akaweka kidevu begani kwangu, na jinsi pumzi yake ilivyonukia mvua. Akina mama wakapiga vigelegele. Seline alikuwa mstari wa mbele, na yeye hakupiga. Alikuwa amefumba macho, midomo inatembea. Alikuwa anaomba.

Nilipokaa, Bwana Kartar akainuka, anaegemea fimbo.

"Jaduong' Absalom, mzee wangu, umesema vizuri. Sasa mimi nimekuwa nikilipa kwenye mizani ile tangu lango lilipofunguliwa. Nataka kuona kitu nilichokilipia."

"Anaonekana kwa mbali, bwana. Pale, kwenye miiba, ni gamba lake."

"Macho yangu hayafiki mbali. Nitasogea."

"Hasogelewi!" Walter alisema, akiruka kutoka kitini. "Bwana Kartar, tafadhali. Mvua itaondoka."

"Mvua nitaiomba radhi mimi mwenyewe. Sisi na chatu hatujakosana."

Akaenda. Akina mama wakapiga mayowe, Dalmas akajificha nyuma ya spika, kwaya ikavunjika. Mimi nilitaka kumwita arudi, lakini sauti ambayo haijawahi kuniangusha maishani ikaniangusha. Tuliona kilemba cha buluu kikiingia kwenye mafunjo. Kikainama. Kikakaa humo muda wa mtu kusoma barua mara mbili.

Akatoka na kile kipande mkononi. Akarudi nacho hadi mezani, mbele ya bodi, akakilaza, akakipapasa kwa kidole gumba kama fundi anavyofanya. Halafu akakigeuza.

"Walter," alisema, "huyu nyoka ana kitambaa tumboni."

Walter akasogea. Upande wa nyuma ulikuwa na nyuzi zilizofumwa, kama gunia jembamba.

"Hii ni ngozi bandia ya kufunikia makochi," Bwana Kartar alisema, bado anaongea na meza. "Ni yangu. Niliagiza jora zima, nikadhani ni fasheni. Nikashona kochi moja, nikaliweka dukani. Mteja akaingia, akaliona, akaliomba kochi msamaha, akatoka. Wa pili vilevile. Nani Mluo atakuja kukalia ng'ielo? Likakaa stoo mpaka panya wakaanza kulionea huruma, nikalipeleka jaani. Likapimwa. Nikalilipia ushuru."

Akainua macho, akatazama nguzo, akatazama mabati mapya yanayong'aa.

"Na ushuru wangu umekuja huku kulijengea nyumba."

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikapita mahema yote kama moto wa nyasi. Watu walishika mbavu. Mtu akapiga kelele, "Absalom, chatu wako ana matakia mangapi?" Mwingine akajibu, "Mwulize kama analipwa kwa awamu!" Miaka yote nilitafuta umati wa kunisikiliza ukacheka hivyo, na siku nilipoupata nilitamani ardhi inilambe kama pipi.

Walter hakucheka. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaitazama ndani. Nilijua anakumbuka kwamba aliivua.

Seline pia hakucheka. Alisimama, akaja mpaka nilipokaa, na watu wakanyamaza kidogo kidogo.

"Kwa hiyo humo hamna kitu," alisema.

"Hamna, mama."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Tumekunywa maji ya jaa." Alisema polepole, kama anayepanga sukumawiki mafungu. "Mvua nzima hii. Kwa sababu ya kochi."

Akakitazama kile kipande mezani, kisha akanirudia mimi.

"Na kuku wangu? Alikwenda wapi?"

Nikamtazama Rosa. Rosa alitazama pembeni, kuelekea ziwani, na nilijua hatanisaidia wala hatanishtaki. Aliniachia niliseme mwenyewe.

"Nilimla mimi. Wote niliwala mimi. Rosa hakujua."

Njia ya mwongo ni fupi, huwa wanasema, lakini hawasemi kwamba mwisho wake kuna watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakikungoja, na kwamba mmoja wao ni mtoto mwenye gauni la Jumapili ambaye tumbo lake lilikuwa linauma. Celestine alikuwa amekaa pale na soda yake. Alinipungia mkono. Alikuwa bado ananipenda. Mimi ndiye babu wa hadithi.

Bodi ilikaa papo hapo, chini ya hema, mbele yetu sote. Walter alisema kwamba kosa lake ni lake na ataliandika hivyo, alipaswa kuingia. Uamuzi haukuchukua muda. Kilichobaki kwenye mfuko kiende kwenye mtaro na chemchemi. Mabati na nguzo zing'olewe ziuzwe, ziongezee. Kilicholiwa na msingi na mafundi kirudishwe na aliyekisababisha, la sivyo mwaka ujao kijiji hakitapata kitu. Nikawageukia wazee wenzangu. Dalmas alikuwa anakagua kamba ya kiatu chake kwa makini sana.

"Mimi nilidhani ni chatu wa kweli," alisema, na masikini, ilikuwa kweli.

Ng'ombe wangu mmoja, yule niliyemnunua kwa pensheni, aliondoka Jumatano kwenda kuuzwa. Nilimfunga kamba mwenyewe. Rosa alisimama mlangoni akasema, "Ng'ombe ni wako, uongo ni wako, mimi sina la kuongeza." Kuku niliwanunua sokoni na kuwapeleka nyumba kwa nyumba, nikibisha hodi, nikisema ni wa nini. Baadhi walicheka, baadhi walifunga mlango, mama mmoja alinikaribisha chai, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Nilidhani deni limeisha. Nilipomfikishia Seline wake, mweupe niliyemtafuta mpaka Kisian, alimpokea, akamtazama mguu, akamweka chini.

"Huyu ni wa mayai," alisema. "Bado maji."

"Maji, mama?"

"Tulibeba machafu kwa sababu yako. Mpaka mtaro uishe, utatubebea masafi. Kwa kichwa."

"Kwa kichwa?" Mnajua kwetu mwanamume anaweza kusukuma maji kwa baiskeli, kwa mkokoteni, hata kwa punda. Kwa kichwa habebi. "Mama Seline, nina mkokoteni..."

"Sisi tulikuwa na mkokoteni?"

Akaingia ndani akatoka na kitambaa, akakisokota ngata mbele yangu, akanivua kofia na kunipachika ile ngata kichwani, akaibonyeza kwa kiganja ili ikae. Hakuwa anatabasamu. Kisha akanipa ndoo.

Nikapanda hadi chemchemi. Maji yake ni baridi mpaka meno yanalia. Nikajaza, nikajitwika, nikainuka kwa magoti ya fundi boila, nikaanza kushuka. Njiani nilikutana na watu waliotoka soko la Otonglo, na kila mmoja alisimama kando kunipisha, kwa heshima kubwa, kama boda boda wale wanne. "Pita, mgeni," walisema. "Pita, utuletee mvua." Maji yalinishukia shingoni, yakaingia kwenye shati, yakafika mpaka kwenye viatu. Sikuwa na mkono wa kupunga wala hadithi ya kusema.

Seline alikuwa ananingoja mlangoni, Celestine kando yake. Nikainama, nikaitua ndoo kwenye jiwe. Akaichungulia ndani.

"Nusu umemwaga njiani, baba," alisema. "Rudi."

Nikarudi.